Usiku wa Tatu wa Mzee Burale

Jirani yangu Burale aliendesha lori miaka thelathini na minne, viazi vya Meru kupanda Moyale, ng'ombe kushuka, na tangu astaafu mwaka jana hajaketi kitini mpaka kiti kikapata joto. Nyumba zetu za Kinoru zimepakana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo namsikia. Alfajiri anafungua geti, anakagua magurudumu ya Probox ambayo haijaenda popote, anafunga geti. Baada ya chai anakwenda mjini kuona nani amepakia nini, anarudi, anahamisha mtungi wa gesi kutoka kona hii hadi ile, anatoka tena. Mazoea yana taabu. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nawajua watoto wasiotulia, lakini huyu ana miaka sitini na mitatu.

Mkewe, Dhahabo, ndiye rafiki yangu. Ana duka la vitambaa mjini na si mtu wa maneno mengi. Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, alikuja na chupa ya chai ya viungo, akaketi jikoni kwangu, akanieleza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba muda mrefu. Alitaka waende mahali chini ya mlima walale kwenye hema siku tatu, yeye na mumewe tu. Si mbili, tatu. Miaka yote ya ndoa Burale alikuwa akirudi nyumbani, analala siku mbili, anaondoka. Hata harusi yao ilipewa siku mbili. Sasa yuko nyumbani kila siku na bado ni kama hayupo. Zikimshinda hizo tatu, alisema, atafunga duka ahamie Isiolo kwa binti yao Sagal, na hatarudi.

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari, na ndiyo sababu niliogopa. Kwa kuwa mimi hupeleka skauti wa shule yetu kambini, aliniomba niandamane nao kuchagua mahali. Burale mwenyewe hakukataa. Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo, na huyu alikataa polepole, kambi baada ya kambi.

Ya kwanza ilikuwa karibu na Kiirua, shamba lenye nyasi fupi na mitarakwa, mlima umesimama wazi mbele yako. Dhahabo alipapenda. Mwenye shamba alituonyesha bafu na mahali pa kuotea moto. Burale alikuwa ameshika waya wa ua, ameupa mlima mgongo, anasikiliza barabara. Kila lori lililopanda alilisoma kabla hatujaliona: hilo limebeba simiti, hilo gia ya tatu inaruka. Alimwuliza mwenye shamba swali moja tu, kwamba mtu akitaka kuondoka mapema, geti hufunguliwa saa ngapi. Dhahabo akarudi garini. Ilibidi asubiri, maana mzee aliswali adhuhuri kwanza. Kibla yao huku ni kaskazini, na barabara yake ya miaka yote ni kaskazini, na Mungu anisamehe, nilijiuliza moyo wake ulikuwa unaelekea wapi.

Ya pili niliitafuta mbali na lami kwa makusudi. Chini ya Kanyakine, kando ya mto, kati ya migomba na kahawa, kuna mama amesawazisha ngazi tatu za ardhi kwa ajili ya hema. Husikii kitu ila maji. Dakika kumi hazikuisha kabla Burale hajaanza kutembea kama aliyekanyaga siafu. Udongo huu mwekundu, alisema, ukinyeshewa gari halitoki. Simu hazishiki. Mto ukijaa je? Mwezi wa nane huo, manyunyu tu. Nilimwambia nimewalaza watoto arobaini hapo na wote walirudi kwa mama zao. Akasema watoto hawakuwa na haraka. Nikamwuliza yeye ana haraka ya kwenda wapi, naye akaenda kuwasha gari.

Kusema kweli nilimkasirikia. Nilimwona mzee mwenye kiburi, aliyehudumiwa maisha yake yote kama mgeni wa heshima na sasa anakosa hata adabu ya kutulia. Kesho yake nilipita dukani nikamkuta Dhahabo anafunga majora ya vitambaa kwa kamba. Alikuwa amekwisha kumpigia Sagal simu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilimsihi tujaribu mahali pamoja pa mwisho, akakubali kwa sababu ni mimi.

Jumamosi tulikwenda upande wa Embu, juu ya Runyenjes, pale chai inapoishia na msitu kuanza. Mtunza kambi, mzee mwembamba aitwaye Munyi, alitukaribisha akatuacha tujionee. Nilipatazama kwa macho ya dereva nisione kasoro. Njia ni ya changarawe ngumu, uwanja umelala sawa, simu zinashika, na geti, Munyi alisema, halifungwi kamwe. Burale aliuzunguka uwanja mara mbili. Alipiga ardhi teke. Alivuta kamba za hema moja lililokuwa limesimamishwa. Aliporudi hakuwa na la kusema, na hapo ndipo nilipoona usoni mwake kitu ambacho siku zote nilikidhania kuwa haraka. Ilikuwa hofu.

Munyi akauliza tutaandikisha siku ngapi.

"Mbili," Burale alisema.

"Tatu," alisema Dhahabo.

Burale akajaribu kucheka. "Mama Sagal, wewe unajua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Dhahabo alivua viatu, akaketi kwenye nyasi. Kisha akamwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, maana siku zote yeye ni Baba Sagal.

"Burale, miaka thelathini na moja nimepika kwa ajili ya mgeni. Jembe sikupi. Nitaondoka mimi. Sagal amenitengea chumba."

Nilitaka kujiondoa, lakini Dhahabo alishika pindo la sketi yangu. Burale alisimama na ufunguo wa gari mkononi. Nilikuwa na hakika ataingia aondoke, na nilikuwa nimeandaa matusi yangu ya Kimeru. Badala yake alichuchumaa, akaanza kung'oa nyasi moja moja.

"Mimi sina maneno," alisema. "Nikitoka safari nilikuwa nakuja na maneno ya siku mbili. Nani ameangusha lori Laisamis, mvua imekata barabara wapi. Unacheka, nafurahi. Siku ya tatu yanaisha. Unaniangalia, mimi sina kitu. Basi naenda kupakia." Akang'oa nyasi nyingine. "Na sasa siendi mahali. Sina hata ya siku moja."

Nilitazama chini. Hasira niliyomwekea wiki nzima ilinirudia mwenyewe kwa aibu. Nilidhani Dhahabo atalia, lakini alikuwa amekasirika, na safari hii ilisikika.

"Na yangu?"

"Yako gani?"

"Maneno yangu. Ulifikiri ukitoka hapo kwa geti mimi nazimwa kama taa, nangoja uniwashe?"

Munyi alijifanya anafuta vumbi kwenye daftari. Burale alikaa hivyo, amechuchumaa, kwa muda ambao sijawahi kumwona akikaa mahali pamoja, na alipozungumza alizungumza kama mtoto wa darasa langu anayesoma mstari wake wa kwanza mbele ya wenzake.

"Siku Sagal alizaliwa, nilikuwa Moyale. Ulienda hospitali na nani?"

"Kaa chini vizuri," Dhahabo alisema. "Ni ndefu."

Akakaa. Dhahabo alianzia na mvua ya siku hiyo, na mimi niliyekuwa jirani yake miaka kumi na minne sikuwa nimewahi kumwuliza.