Vitunguu Saumu vya Bruda Wymer

Bruda Wymer alipika katika nyumba ya watawa wa Ndugu Wadogo pale Oxford kwa miaka kumi na tisa, na muda wote huo hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya jambo lolote lisilochemka. Kusoma hakujua. Alikuwa mtoto wa mkulima wa kijiji cha Cumnor. Mke na mtoto wake walikufa kwa homa wiki moja, akatembea hadi mjini bila kujua anakwenda wapi, akasimama mbele ya mlango wa kwanza uliokuwa na mtu wa miguu peku. Mtu huyo alikuwa Padri Serlo. Serlo hakumuuliza kama ana wito. Alimuuliza kama anajua kumenya vitunguu.

Nyumba ilijaa wasomi. Mmoja aliupima upinde wa mvua kwa kijiti, mwingine aliunguza nyusi zake kwa kioo cha kukusanyia jua. Wymer aliwapelekea wote uji na kufuta walichomwaga. Kinara wao alikuwa mwalimu, Padri Ranulf, ambaye nahodha mmoja wa bandari ya Lynn alimpa jiwe la sumaku, jeusi, ukubwa wa yai la bata. Mtu aliyeapa kutomiliki kitu haruhusiwi kupenda jiwe kiasi kile, kwa hiyo Ranulf kila mara alisema ni jiwe la nyumba, kisha akalifungia chumbani mwake.

Sasa, vitabu vilisema, tena vya watu wakubwa waliokufa zamani, kwamba sumaku ikiguswa na kitunguu saumu, hata na harufu yake, huishiwa nguvu. Na chumba cha Ranulf kilikuwa juu ya jiko. Majilio, yale majuma manne kabla ya Noeli, yalipoanza, akaomba, na Mkuu wa nyumba akaamuru kwa utii mtakatifu kwamba kitunguu saumu kisitiwe tena chunguni.

Ndugu thelathini wakala njegere zisizo na ladha, wakamtolea Mungu mateso hayo. Serlo hakutoa chochote. Alikuwa na miaka themanini na ushei, meno mawili, na tumbo lililokubali kitu kimoja tu: supu ya njegere iliyojaa vitunguu saumu.

"Bruda, hii nini?" aliuliza kitandani.

"Supu, Padri."

"Supu ya nini? Umefulia kanzu ya nani humu?"

"Ni amri, Padri."

"Basi amri waile wao."

Akageukia ukuta. Siku ya nne alikuwa bado ameugeukia.

Wymer alimpenda mzee yule kuliko alivyowahi kumpenda baba yake mzazi, na aliogopa. Kwa hiyo akatenda dhambi. Kila asubuhi, mlango wa jiko ukiwa umefungwa, alitwanga punje sita na kuzitia kwenye bakuli la mzee peke yake. Serlo akala. Akaanza tena kulalamika juu ya blanketi, baridi na waimbaji, nyumba nzima ikajua kwamba amepona.

Tatizo lilikuwa lile jiwe. Baada ya kupeleka supu, Wymer alifagia chumba cha Ranulf, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuinua jiwe na kulipangusa vumbi. Alilishika kwa mikono ileile. Siku moja alilitambua hilo. Akachukua sindano mezani, akaisogeza karibu. Sindano ikaruka, ikang'ang'ania jiwe. Akajaribu kesho yake, na kesho kutwa, na Majilio yote. Jiwe halikuwa na habari.

Kusema, hakusema. Angesemaje? Kusema ni kukiri kwamba amevunja amri, na mvunja amri huhamishwa. Nani basi angemlisha Serlo?

Baada ya Noeli, Ranulf alitangaza mezani kwamba tangu kitunguu saumu kiondoke, jiwe limezidi nguvu, yeye mwenyewe ameona. Mkuu alifurahi mno. Akaagiza mashada yote ya vitunguu saumu yaliyobaki ghalani wapewe Wadominiko, watawa wa nyumba nyingine, siku ya Jumamosi.

"Wale hawana sumaku," alisema.

"Wala akili," akaongeza Ranulf, kisha akaomba msamaha kama upendo unavyodai.

Ijumaa ilikuwa siku ya kikao cha makosa, ambapo kila ndugu hupiga magoti na kutaja lake mbele ya wote. Wymer kwa kawaida alitaja mkate kuungua. Siku hiyo alijikaza.

"Nimepika kitunguu saumu kila siku tangu Majilio. Na kwa mikono hiyo nimeshika jiwe la mwalimu."

Ranulf akaruka. "Umeliua!"

"Halijafa, Padri. Linavuta."

"Haliwezi kuvuta. Imeandikwa!"

"Mimi sijui kusoma, Padri. Labda ndiyo maana."

"Hicho kitunguu chako kitakuwa dhaifu."

"Njoo unuse."

Jiwe likaletwa. Ranulf alilipaka kitunguu saumu mwenyewe, pande zote, machozi yakimtoka. Akasogeza sindano. Ikaruka. Ranulf akaketi polepole kama mtu aliyetukanwa na babu yake. Kisha, na hili lazima tumpe haki yake, macho yakamng'aa.

"Tena," akasema.

Mkuu aliamua kwamba Wymer hatahamishwa, ila atakula sakafuni, mkate na maji, mpaka Pasaka. Amri ya kitunguu saumu ikafutwa. Wymer karibu acheze.

"Mara moja si ushahidi," alisema Ranulf. "Nataka mara arobaini. Kibichi, kikavu, cha kuchemsha, cha kuchoma. Jiwe lilale kwenye maji yake kutwa nzima. Mkuu, naomba vyote vilivyo ghalani."

Akapewa vyote, kwa utii mtakatifu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeozesha mavuno, na ndugu waliotumwa kuomba mjini walirudi na mizizi ya turnipu tu. Wymer alikuwa ameshakiri mara moja na hakuthubutu kuiba tena. Kila siku Ranulf alishuka, akachukua kichwa kimoja, akarudi akifurahi kuripoti kwamba jiwe bado linavuta. Serlo akaugeukia ukuta tena.

Katikati ya Kwaresima kikabaki kichwa kimoja. Wymer akakitazama, kisha akakimenya.

"Bruda, kile cha mwisho kiko wapi?" Ranulf aliuliza mlangoni.

"Kiko chunguni, Padri."

"Ndicho cha arobaini!"

"Najua."

Akampita na bakuli mkononi, Ranulf akamfuata mpaka kwa mzee. Serlo alinusa, akageuka. Alikula vijiko vitatu, vya kuhesabu, akasema chumvi imezidi. Cha nne kilimshinda kumeza. Ranulf aliona yote hayo akiwa amesimama, akaondoka.

Serlo alifariki Alhamisi. Ijumaa, kwenye kikao, Ranulf alipiga magoti kabla ya zamu yake.

"Nimemnyang'anya mzee chakula mara thelathini na tisa," akasema.

Mkuu akamgeukia mpishi, akamuuliza kama naye ana lolote.

"Ninalo," alisema Wymer. "Nilichelewa kuvunja amri."