Kitanda cha Futi Tano na Nusu

Walimwita Msumari kwa kumchokoza tu, maana hakuna kitu alichokichukia kama msumari. Seremala anayepigilia misumari, alisema, ni mvivu aliyebeba nyundo. Yeye alichonga ubao ukaingia kwenye tundu la mwenzake, akatia gundi, basi, hautoki tena. Na alijisifu, kila mwenye masikio alimsikia, kwamba ukimpa kipimo cha kitanda atakwambia ni nani atakayekilalia.

Kwa hiyo mkewe, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alipomletea kipimo cha kitanda asubuhi moja, machale yalimcheza kabla hajamaliza chai.

"Fundi, kile chumba cha mtoto kimekaa bure," mke alisema. "Nataka kiwe studio yangu. Nimechoka kukata vitambaa kwenye meza ya chakula, kila nguo ina makombo ya mkate. Na unitengenezee kitanda chembamba cha bawaba, mchana kisimame ukutani, mgeni akija tukishushe. Futi tano na nusu zinatosha."

"Mgeni gani?"

"Mgeni ni mgeni, Fundi. Kunywa chai."

Sasa nyumba hiyo haikuwa na wageni hata wa dawa. Alikuwapo binti mmoja tu, naye alikuwa ameolewa mbali, tena aliondoka vibaya. Msumari hakumpenda yule bwana harusi. Binti hakusikia la mtu. Siku ya kumuaga, mbele ya mashangazi na majirani, baba alimwambia, "Humu unatoka kama mwenyeji. Ukirudi, urudi kama mgeni." Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Binti hakucheka, na tangu siku hiyo hakutia mguu pale. Msumari aliyasukumia maneno hayo mbali, kama anavyosukumia vumbi la mbao chini ya benchi lake.

Kwa hiyo hakumuwaza binti. Aliziwaza futi tano na nusu. Yeye alikuwa na futi sita na ushee. Mkewe alimfikia kidevuni. Kitanda hicho kingemwenea Mama Pindo barabara, tena peke yake. Alipiga hesabu hiyo mara moja tu, akaiamini, ndivyo alivyo. Mke alikuwa anahama chumba.

Akaanza kumchunguza kama askari. Mama Pindo alipaka ukuta rangi mwenyewe, akiimba. Tangu lini anaimba? Akatundika pazia zito lenye bitana. Akapigilia misumari ukutani ya kuning'inizia nyuzi, bila kuomba ruhusa, jambo ambalo peke yake lilitosha kuleta ugomvi. Simu ikilia alitoka nayo uani, na Msumari akitokea, mazungumzo yalikatika ghafla yakageuka kuwa bei ya zipu. Kisha likaja la komeo.

"Nitilie komeo mlangoni," mke alimwambia. "Kwa ndani."

"Mshonaji anajifungia nini?"

"Wewe tia tu."

Msumari alikwenda kwa rafiki yake mtengeneza sofa kutafuta faraja. Mwanamume huyo hana dogo. "Mke akitaka komeo la ndani," alisema huku ameuma sindano, "ujue wewe ni wa nje." Akacheka mpaka akakohoa. Msumari hakuona cha kucheka. Alirudi nyumbani akijikagua: anakoroma, kweli. Anapanda kitandani na vumbi la mbao masikioni, kweli. Lakini si amekoroma miaka yote hiyo? Aliumia, na kwa kuwa hakujua kuuliza, alifanya hila.

Kitanda alikichonga kizuri, maana mikono yake haikujua kufanya vibaya. Kisha akachukua msumeno, akakata mguu mmoja, kiasi cha upana wa kidole gumba. Aliona aibu hata peke yake karakanani. Lakini kitanda kikishushwa kingeinama upande, na kila anayejigeuza kingemgongea sakafu, ko, ko, ko. Atavumilia siku mbili tatu, Msumari aliwaza, halafu atarudi kwangu.

Alasiri moja akitoka karakanani alisikia sauti mbili studioni. Akaingia bila kubisha. Kitanda kilikuwa kimeshushwa, shuka mpya imetandikwa, na binti yake amesimama kando yake, amekonda, begi moja miguuni.

"Shikamoo, baba," binti alisema, akainama kukaa kitandani.

"Usikae hapo!"

Lilimtoka kabla ya kitu kingine chochote, kwa ukali. Binti alisimama wima. Akaliokota begi lake.

"Nilikwambia, mama," alisema.

Mama Pindo alimgeukia mumewe, na uso ule Msumari hakuwahi kuuona. "Si ulisema akirudi arudi kama mgeni? Haya, nimemtengenezea chumba cha mgeni. Kitanda umekichonga wewe mwenyewe. Na humo pia unamfukuza?"

Binti alikwisha kushika kitasa. Msumari alijua kwamba akiinyamazia aibu yake sasa, mlango ule ukifungwa haufunguki tena.

"Mguu ni mfupi," alisema. "Ungeanguka. Nimeukata mimi, makusudi."

"Makusudi?" Mama Pindo alikodoa macho. "Ili iweje?"

"Nilidhani kitanda ni chako. Nilidhani unanihama. Umetaka na komeo!"

Mama Pindo alifungua mdomo kucheka, kicheko hakikutoka. "Komeo ni lake," alisema polepole. "Huko alikotoka hakuruhusiwa kujifungia mlango."

Msumari alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu aingie. Futi tano na nusu, sawasawa na mama yake. Alama za urefu wake zilikuwa bado kwenye fremu ya mlango ule ule, alizikata yeye kwa patasi, mwaka hadi mwaka, na juzi alipotia komeo alizipita bila kuziona.

Alipiga magoti. Gundi ingetaka kukaa mpaka kesho, na kesho ilikuwa mbali mno. Akachomoa msumari mmoja wa nyuzi ukutani, akachukua kipande cha ubao kilichokuwa kwenye rafu, akakipigilia chini ya mguu kwa nyundo ya mkewe, pa, pa, kama mvivu yeyote. Akakitikisa kitanda. Kilitulia.

"Hiki si chumba cha wageni," alisema bila kuinua kichwa. "Mgeni humu ni cherehani ya mama yako."

Mkono wa binti ulikuwa bado kwenye kitasa. Hapo ndipo baba alipokumbuka kwamba kuna salamu hakuiitikia.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Binti akaweka begi chini.