Utani wa Foleni ya Ugali

Nina hasira ya miaka mingi na sina mpango wa kuipunguza. Watu huniambia, "Achana na mambo ya shule, mlikuwa watoto." Tulikuwa kidato cha tatu. Msichana wa kidato cha tatu anajua kupika, kufua, kufunga mwezi mzima wa Ramadhani na kuficha simu ndani ya mfuko wa unga matroni asiione. Usiniambie hakujua alichokuwa anakitazama.

Hosteli yetu ilikuwa Kibiti, nyuma ya shule. Wengi tulitoka vijiji vya barabarani, Wamatumbi tele. Kutoka delta alikuwepo mmoja tu, Mndengereko wa Mbuchi, kitanda chake juu ya changu. Baba yake alikuwa akitega kaa kwenye mikoko, wale kaa wakubwa wa matope wanaouzwa wazima wakiwa wamefungwa kamba, na ni kwa kaa hao alilipia hosteli. Alitaka bintiye amalize kidato cha nne, maana katika ukoo wao hakuna msichana aliyewahi kufika huko. Binti mwenyewe alinisimulia haya wiki ya kwanza kwa fahari kabisa, akawasimulia na wengine.

Kiranja wa chakula, Mmatumbi mwenzangu, akadaka neno moja tu: kaa. Kuanzia hapo lilikuwa ndilo jina lake. Na kwa kuwa kaa hatembei kwa mbele, ikapitishwa kwamba na yeye asitembee kwa mbele. Kila jioni, kwenye foleni ya ugali, alitakiwa aende kiubavu kutoka mlangoni hadi kwenye sufuria, bakuli mkononi, hosteli nzima ikipiga makofi, "Ubavu! Ubavu!" Akigoma, mwiko unampita.

Niliposema mara ya kwanza kwamba huu ni uonevu, kiranja alinishangaa kweli kweli.

"We vipi? Huyu mtani wangu. Unaingilia utani wa watu?"

Foleni nzima ikaitikia kwamba ni kweli, ni utani tu. Hapo ndipo penye uchungu wangu, kwa sababu utani naujua. Bibi yangu na watani zake Wandengereko walitukanana barabarani hadi wapita njia wakasimama kushangaa, kisha wakakaa kunywa uji pamoja. Kwa mtani hukasiriki. Akikuita mchawi unamwita mwizi, mnacheka. Wote pale tulilelewa hivyo, kwa hiyo wote walijua kwamba mtani ana haki ya kujibu. Yule wa Mbuchi alijibu mara moja tu. Alisema, akicheka, kwamba Wamatumbi, watu wa milimani, wakiona maji yamefika magotini wanatoa shahada. Lilikuwa jibu zuri, la mtani hasa. Usiku huo godoro lake lilimwagiwa ndoo ya maji, na aliyelimwagia hakujificha.

Walikuwepo waliocheka kwa sauti, lakini hao siwachukii kama ninavyowachukia wengine. Nawachukia waliokuwa wakitazama mabakuli yao. Nawachukia waliokuja kumnong'oneza bafuni, "Pole shoga, vumilia," halafu jioni wanapiga makofi kama kawaida, polepole kidogo, ili wajihesabu kuwa hawamo. Mmoja alimfulia godoro lake, akaomba asitajwe.

Nilikwenda kwa matroni. Akaja na fimbo, akasimama katikati ya bwalo, akauliza nani ameona msichana huyu akionewa. Nilinyoosha mkono. Ukabaki mkono wangu peke yake. Matroni akamgeukia mwenyewe, na yeye, macho chini, akasema, "Tunataniana tu, mama." Nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi kwa uchonganishi. Sikumlaumu. Yeye ndiye angelala mle ndani fimbo ikishaondoka.

Muhula wa pili baba yake akafariki. Habari ilifika alfajiri kwa simu ya matroni: alikuwa mgonjwa siku chache, na mazishi yangekuwa baada ya alasiri. Matroni akasema lililo wazi kwa mtu yeyote wa kwetu, kwamba msiba wa Mndengereko haukosi Wamatumbi, kwa hiyo watani wake wamsindikize. Akamtazama kiranja. Kiranja akasema tumbo linamuuma. Nikatazama vitanda vingine. Ghafla hosteli nzima ilikuwa inaumwa, au ina jaribio la hesabu, au inaogopa boti. Tukaondoka wawili, kwa bodaboda mpaka penye maji, kisha kwa boti ya injini, yeye amejifunika khanga usoni muda wote.

Kule Mbuchi niliona kitu ambacho hosteli haikustahili kukiona. Jeneza lilipotaka kutoka, bibi mmoja wa Kimatumbi aliyeolewa kijiji cha jirani alijilaza mlangoni kifudifudi.

"Hapiti mtu! Huyu Mndengereko ameondoka na kaa wangu wawili! Mrudisheni avue kwanza!"

Watu waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka na kulia pamoja. Wakambembeleza, wakampa kuku, akanyanyuka akilalamika kwamba kuku mwenyewe amekonda kama marehemu. Na kabla jeneza halijafika makaburini alikuwa ameshajifunga kibwebwe na kushika sufuria. Alipika, aliosha vyombo, alichota maji, na mama wa marehemu alipoanguka kwa kilio ni yeye aliyemkumbatia. Rafiki yangu alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe," akaniambia.

Niliomba arudi shule. Nilimwambia mwaka mmoja na nusu si mwingi. Baba yake mdogo aliahidi kuendelea na mitego ili amalize, na baada ya arobaini akarudi, amekonda, na hijabu mpya nyeusi.

Jioni ya kwanza foleni ikapangwa. Nilidhani wataona aibu hata ya wiki moja. Kiranja akagonga sufuria kwa mwiko.

"Kaa! Ubavu!"

Yeye akatembea kwa mbele. Alikwenda moja kwa moja, taratibu, mpaka mbele ya sufuria, na alipozungumza hakupandisha sauti.

"Mtani huja msibani. Baba yangu amezikwa, hukuja. Sina utani na wewe." Akaigeukia foleni. "Wala na ninyi. Aliyekuja ni huyu peke yake."

Kiranja akamsukuma kwa mikono miwili. Akaanguka, bega likagonga jiwe la jiko, maharage ya moto yakamwagika mkononi mwake. Alipiga yowe moja. Foleni haikuvunjika. Nakumbuka hilo kuliko yowe: kila mtu alibaki kwenye nafasi yake, bakuli mkononi, asije akapitwa. Nilimwinua mwenyewe.

Matroni akaja mbio. Akauliza nani ameona.

Nikasema nimeona mimi. Akasema mimi ananijua, anataka mwingine. Akapita mbele yao mmoja mmoja akiwatazama usoni. Aliteleza, wakasema. Nilikuwa nimeinama. Mimi nilikuwa nyuma, mama. Aliyemfulia godoro alisema alikuwa anafunga kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Matroni akashusha pumzi, akampaka dawa ya kuungua, akatuambia tuswali tukalale.

Asubuhi nilipoamka kitanda cha juu kilikuwa kitupu. Sanduku halipo, ndoo haipo.

Darasani mwalimu aliita majina. Alipofika la rafiki yangu akaliita mara mbili. Akavua miwani, akauliza kama kuna mtu yeyote anayejua msichana huyu yuko wapi.

Mikono ikanyooka darasa zima, mingine inapunga ili ichaguliwe. Katoroka, mwalimu! Nilimwona mimi! Kapita getini kabla ya adhana, kajitwisha sanduku! Mimi nilimwona anapanda bodaboda! Alikuwa na hijabu nyeusi, mwalimu, na mkono kaufunga kitambaa! Walikatizana, walisahihishana, huyu akataja rangi ya pikipiki na yule akataja upande ilikoelekea.

Mwalimu akawashukuru kwa kusema ukweli, akachukua kalamu nyekundu, akalikata jina lake daftarini.