Si Haba, Si Wingu

Siku niliyofika Riyadh kufanya kazi za ndani, mama mzazi wa madam wangu, bibi mfupi mwenye sauti kubwa, aliniuliza jina. Nikamwambia, "Sihaba."

"Sahaba!" Akapiga makofi. "Mmesikia? Tumeletewa wingu!"

Kwa Kiarabu sahaba hii ni wingu, si yule sahaba wetu wa urafiki. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa yalla ya "haya twende" na halas ya "imekwisha", basi nikatabasamu tu. Jina langu ni la kwetu Tanga, na hata huko nimekutana na mwenzangu mmoja tu. Siku ya tatu mvua ikanyesha, mvua ya Riyadh, ya kulowesha vumbi na kwenda zake. Bibi akatoka uani akaikinga kwa viganja, kisha akawapigia simu majirani. Alasiri ile niliwapelekea kahawa wageni watano, na wote walinitazama mimi. Kahawa ikapoa.

Baridi ilipoingia, mjukuu wa Bibi akachumbiwa, na sherehe ikapangwa bustanini, mazulia yatandikwe nje. Bibi akaniita chemba.

"Binti yangu, nakupenda. Lakini wiki hii nenda Jeddah ukamsaidie dada yake madam."

"Nimekosa nini, Bibi?"

"Hujakosa. Ila wewe na mazulia hamwezi kukaa pamoja."

Nikapandishwa ndege kwenda Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kwa kosa la kuitwa jina langu. Siku ya sherehe, Jeddah ilinyesha mpaka barabara ya mbele ya nyumba ikawa mto, na mwenyeji wangu, aliyekwisha kusimuliwa habari zangu, akanitazama kama mtu aliyeacha bomba wazi. Riyadh nako kukavuma tufani ya mchanga. Simu ikalia.

"Rudi!" Bibi alikuwa akikohoa. "Tunakula wali wa mchanga!"

Nikaona sasa yamezidi. Nikampigia mama yangu Tanga, anipe maana kamili ya jina langu nikamweleze Bibi. Siku zote niliamini kwamba nilizaliwa mdogo kama bofulo la mkate, wageni wakanicheka, na nyanya yangu akawajibu: si haba. Niliipenda hadithi hiyo. Nimewahi hata kuwasimulia watu kwa maringo.

Mama akacheka. "Nani kakwambia? Baba yako alitaka mwana wa kiume. Mkunga akatoka akamwambia, umepata binti, umefurahi? Akajibu, si haba. Karani wa zahanati kalamu anayo mkononi, akadhani ndilo jina."

"Na nyinyi hamkumsahihisha?"

"Foleni ilikuwa ndefu, mwanangu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

Niliporudi Riyadh nilimweleza Bibi yote, kwa Kiarabu changu cha kuungaunga: kwamba mimi si wingu, kwamba jina langu ni jibu la baba alipoulizwa kama amefurahi.

Bibi akafikiri. "Na baadaye, alifurahi?"

Nikamkumbuka baba uwanja wa ndege, siku naondoka. Alikuwa ameng'ang'ania mpini wa begi langu, mpaka askari akamletea kiti.

"Alilia, Bibi. Mbele ya watu."

"Basi alikosea siku moja tu," akasema Bibi. "Baba yangu mimi alitaka ngamia."

Tukacheka, akaniagiza nilete tende, tukazila pamoja pale pale jikoni.