Magari ya Makopo Mbele ya Mashangazi

Mchumba wangu alinionya mapema. "Siku bamama watakuja kuona nyumba, weye ficha yale magari," aliniambia. Nilicheka, kisha nikaanza kulifikiria neno lake, na kufikiria ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Kwetu Uvira, kabla familia ya msichana haijapokea ng'ombe wa mahari, hutuma wanawake kwenda kuangalia mahali binti yao atakapolala. Wanaangalia paa, wanaangalia choo, wanainua godoro. Wakiridhika, wanakunywa soda waliyoandaliwa. Wasiporidhika, chupa zinabaki zimefungwa na kila mtu anaelewa. Kijana mwenyewe haongei. Anasemewa na shangazi yake.

Chumba changu kiko mtaa wa Rugenge, na ukuta wake mmoja wote ni rafu ya magari. Moja tu ni la kununua, la chuma, nililolipata sokoni Bujumbura likiwa na mlango mmoja. Mengine nimeyajenga mwenyewe, na kila moja ni dogo mara ishirini kuliko gari la kweli. Hilo ndilo sharti langu na silivunji. Fuso likisubiri mizigo bandarini Kalundu, dereva akiwa amelala kivulini chini yake, mimi nalizunguka na utepe wa fundi cherehani. Nikirudi nyumbani nagawanya kwa ishirini, ndipo nakata kopo la maziwa. Magurudumu natoa kwenye soli za kandambili, ekseli kwenye spoku za baiskeli, vioo kwenye chupa za maji. Rangi ni ile ya kucha, ndiyo maana Land Cruiser yangu ni ya waridi iliyokolea, jambo ambalo bado linaniuma. Nina licence, yaani digrii, ya uchumi na vipindi vichache vya kufundisha kwa wiki. Muda uliobaki kichwa changu hutulia pale tu mkasi unapofuata mstari.

Je, niyafiche? Chini ya kitanda watayaona, kwa sababu wanainua godoro. Nikiyapeleka kwa mama yangu, mtaa wa Nyamianda, kwa pikipiki, yatapondeka. Na wakiyakuta yamefichwa, nitakuwa mwanamume anayeficha vitu. Nilizunguka na hesabu hiyo juma zima, mwisho nikaona ukweli ni salama zaidi. Nikayapangusa vumbi, nikayapanga vizuri, Fuso katikati.

Shangazi yangu aliteremka kutoka Rurambo, kule milimani, asubuhi ileile, na kibuyu cha maziwa mgongoni. Hakuwa amepata hata kukaa vizuri, wageni wakabisha hodi: shangazi wa mchumba wangu, mama mnene mwenye kilemba cha zambarau, pamoja na jirani yake mwembamba. Walikagua paa. Walikagua choo. Mama wa kilemba akaingia chumbani, akasimama mbele ya rafu. Kisha akageuka.

"Mutoto iko wapi?"

"Mutoto gani?" shangazi yangu akauliza.

"Mwenye hivi vitu. Kijana hana bibi, lakini nyumba imejaa vitu vya mutoto. Basi mutoto iko. Ao ni minye sioni muzuri?"

"Tena si mumoja," akasema yule mwembamba. "Tazama wingi yake!"

Katika juma zima la kufikiria, nilikuwa nimefikiria moto, mafuriko, hata panya kutokea mbele ya wageni. Hilo la mtoto halikunijia. Nilifungua mdomo, shangazi yangu akanifinya paja. Akaniinamia sikioni.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu, shangazi."

"Ya kuuza?"

"Hapana."

"Ya nini basi?"

"Ya... kutazama."

Aliniangalia kama anavyoangalia ng'ombe aliyekataa majani. Kisha akanyoosha mgongo, akakohoa.

"Bamama, hatutaficha. Mutoto iko. Ni makosa ya ujana. Iko kule milimani, kwa mama yake."

Nilikuwa nimepata mtoto nikiwa nimekaa kwenye kiti.

"Aaah!" Uso wa mama wa kilemba ulifunguka kama dirisha. "Si mungesema tangu mwanzo? Mutoto si shida. Iko na myaka ngapi?"

"Ine," shangazi akajibu bila kupepesa macho.

"Tutamulea. Mutaleta mbuzi ya kumuomba binti yetu musamaha, basi." Akaichukua chupa yake ya soda, akashika kifungulio.

Mbele yangu ndoa ilikuwa imebakiza kifuniko kimoja cha chupa. Lakini kichwa changu tayari kilikuwa kimekwenda mbali. Wangeomba kumwona. Ningempata wapi? Na mchumba wangu, ambaye angesikia leo hii kwamba tangu siku tulipojuana nilikuwa na mtoto! Nikasimama. Nikaongea, jambo ambalo halifanywi.

"Bamama, mutoto hakuna. Yale magari ni yangu. Minye ndiye nayafanya."

Hawakuamini, kwa hiyo nikafanya vibaya zaidi: nikaeleza. Nililishusha Fuso, nikaligeuza, nikawaonyesha springi nilizokata kwenye mbavu za mwavuli, nikazungusha usukani ili waone magurudumu yakikata kona. Nikagawanya kwa ishirini kwa sauti.

"Weye, na diplome yako?" akauliza mama wa kilemba.

"Ndiyo, mama."

"Na nani anacheza nayo?"

"Hakuna. Nayatazama tu."

"Yesu na Maria," akanong'ona yule mwembamba.

Mama wa kilemba akakiweka kifungulio mezani polepole. Akamgeukia shangazi yangu. "Na hii pia ni makosa ya ujana?"

Wakaondoka. Shangazi yangu alizirudisha chupa kwenye kreti, moja moja, zote zimefungwa. "Nilikupatia mutoto muzuri," alisema, "ukamukataa."

Jioni mchumba wangu akapiga simu.

"Wanasemaje?" nikauliza.

"Yule jirani anasema uko na ugonjwa wa kichwa. Shangazi yangu anasema mwanamume hawezi kumukataa mutoto sababu ya makopo. Anasema mutoto iko, na mama yake ni mukali sana, ndiyo maana unaogopa kumutaja."

"Na weye umewaambia nini?"

"Nimewaambia nilikuwa nayajua. Na nusu ya yale makopo ni minye nilikuletea."

"Halafu?"

"Baba akasema basi wapokee ng'ombe haraka, kwa sababu hakuna mwingine atanichukua."

Wakapokea. Siku ya dot, yaani sherehe ya mahari, kati ya ngoma na sahani za wali, mama wa kilemba alinivuta nyuma ya hema. Akatoa kwenye mkoba wake kifurushi cha karatasi, akakifungua upande mmoja tu ili nione: kaptula ya buluu na shati la mistari, vya mtoto wa miaka minne.

"Usimufiche tena," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Mutoto hana kosa."

Nilifungua mdomo. Kwenye kona ya hema, shangazi yangu alikuwa ameacha kucheza ngoma, akinitazama. Nikapokea kifurushi kwa mikono miwili.