Vero Tumemzika Jana, Leo Mmefunga Comments

Bado siamini. Na hasira hainipi hata nafasi ya kulia vizuri.

Kwa mliokuwa wadogo: Veronika ndiye aliyeongoza Mtazamaji Kasema, kile kipindi cha Jumapili jioni ambacho watazamaji walikuwa wanakisema kituo chetu cha TV ndani ya kituo chenyewe. Mie nilipokea barua na meseji zenu, yeye akazisoma hewani.

Jana tumemzika Chamazi. Leo asubuhi kituo kimeweka picha yake, mshumaa pembeni, na maneno: "Sauti ya watazamaji imezimika."

Chini yake wamefunga comments.

Comments! Za Vero!

Mie huandika shajara kila siku, wanaonijua wanajua. Ukurasa wa jana una tarehe tu. Wa leo nauandika hapa, mbele yenu.

Kanuni yake ilikuwa moja: lalamiko kwanza, sifa baadaye. Na anayelalamikiwa aje akae kwenye kiti, ajibu mwenyewe.

Mama mmoja wa Kimbiji aliandika: "Mtangazaji wenu wa hali ya hewa kila siku anasimama juu ya Kigamboni yetu kwenye ramani. Kwani sie hatunyeshewi?" Vero akamkalisha yule kaka kwenye kiti. "Haya, braza, sogea watu waone kwao." Akahamia upande wa pili wa ramani. Wiki iliyofuata wakaandika watu wa Kigoma.

Mzee Salim, mwenye duka Temeke, alituma ujumbe mwezi wa Ramadhani: "Nimekaa na tende mkononi nangoja adhana, nyie mnanitangazia sabuni." Meneja wa matangazo akakalishwa kwenye kiti, mzee akapigiwa simu hewani.

"Shikamoo mzee, tunaomba radhi."

"Marahaba. Na sabuni yenyewe haitoi povu."

Studio nzima tuliinama chini ya meza kwa kicheko. Adhana haikuchelewa tena.

Kisha akaja bosi mpya, na mdhamini nyuma yake. Kwenye meeting akasema, "Vero, tuwe positive. Tuanze na sifa." Akatoa meseji zilizochapwa palepale ofisini. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Jeni wa Mbweni, anayetupenda sana.

"Naomba namba yake," Vero akasema. Hakuwahi kumsoma mtu hewani kabla ya kumpigia.

"Vero, please."

"Kama yupo ataongea. Kama hayupo, mie simsomi."

Hakumsoma. Wiki ileile wakamhamishia stoo ya kanda za zamani. Mama Jeni akasomwa na mwingine, Jumapili hadi Jumapili, yeye na ndugu zake wote wa kuchapwa. Nyie wa kweli mkachoka kuandika. Ndipo wakakifuta kipindi, wakasema hakina watazamaji.

Leo mnaandika "imezimika", kana kwamba ni umeme umekatika. Nani alizima?

Vero alipolazwa, wodini sikumkuta bosi hata mmoja. Nilimkuta Vero, sauti imebaki ndogo, ananiuliza, "Mama Jeni kapatikana?" Tukacheka wote wawili. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Sasa sikilizeni, wakubwa. Hapa kwangu comments ziko wazi. Aliyewahi kuandika Mtazamaji Kasema, aandike tena. Aliyewahi kukasirishwa na Vero, aandike pia, mwenyewe asingetaka mtu arukwe. Jumapili jioni nakwenda Chamazi, nitamsomea zote kwa sauti. Na kiti nitabeba. Bosi akitaka kujibu, anakaribishwa.

Naanza mie, Vero, kwa kanuni yako.

Lalamiko: ulikuwa mbishi, uligoma kwenda hospitali mpaka tukakubeba, na umeniacha peke yangu na hawa watu.

Sifa: kila uliyemsoma alikuwa mtu kweli.

Lala, dada yangu, lala salama. Mama Jeni bado hajapatikana.