Mwajabu Akataa Doti

Mtaani kwao Kurasini, mwanamke akijifungua, anayeitwa kumhudumia ni Mwajabu. Humkanda mzazi kwa maji ya moto, humfunga tumbo kwa kanga, humpikia uji wa pilipili manga. Siku ya arobaini mtoto hunyolewa, hutolewa nje, watu hula pilau, na mkandaji hupewa doti ya kanga. Akiipokea, kazi yake imekwisha. Huaga, akaenda zake.

Mwajabu hakuupenda kamwe mwisho ule. Katika uzazi wake wa pili, arobaini ilipopita, nyumba ilibaki tupu. Akakaa jikoni, mtoto kifuani, mkubwa akimvuta nguo, usingizi ukamchukua palepale. Alipozinduka, pindo la kanga yake lilikuwa linawaka. Walipona wote. Majirani wakasema mzembe. Hakuna aliyesema amechoka.

Hata hivyo miaka yote aliipokea doti na kunyamaza, hadi arobaini ya Salma.

Salma alikuwa na mtoto mwingine anayejifunza kutembea. Mchana ule, wageni wakiwa wameanza kuondoka, alisinzia akiwa amekaa, kichanga kikimteleza mapajani. Mwajabu akakidaka, akamlaza mama mtu kitandani, akatoka na watoto wote wawili. Akatandika mkeka mlangoni pa chumba na kukaa.

Bi Farida, mama mkwe, akaja na doti mkononi.

"Haya shoga, Mungu akulipe. Mwamshe huyo mkamwana wangu, masufuria yanamngoja."

"Analala."

"Mchana huu? Arobaini si imekwisha?"

"Ya mtoto imekwisha. Ya mama bado."

Bi Farida akacheka. "Mwajabu we! Tumechezwa ngoma ya unyago pamoja, leo unanitungia mila mpya? Sie hatukuzaa? Nani alitulaza?"

"Hakuna. Ndiyo maana mie nimekaa hapa."

"Pokea doti yako uende."

"Kama kupokea ndiyo kuondoka, sipokei."

Sauti zikamtoa Shomari, mume wa Salma, uani. Alikuwa na njaa, na lori lilikuwa linamsubiri bandarini.

"Mama Mwajabu, shikamoo. Salma yuko wapi anipakulie?"

"Marahaba, mwanangu. Pilau imo sufuriani. Ukishakula, osha sufuria."

Shomari akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama Mwajabu. Kichanga kikapiga chafya. Shomari akageuka, akaenda jikoni. Punde likasikika bomba la maji, na sufuria ikigongwagongwa na mtu asiyeizoea.

"Umeniharibia mtoto!" Bi Farida alifoka. "Nitakusema Kurasini nzima. Uone nani atakuita tena kumkanda mzazi."

Mwajabu alijua hayo si maneno ya mchezo. Bi Farida akisema jambo, hufika Mtoni kabla ya magharibi. Na kukanda ndiko kulikomlisha. Alisikiliza nyuma yake, ndani ya chumba: Salma alikuwa anakoroma, mkoromo mzito wa mtu aliyefika mwisho wa nguvu.

Akamsogeza mtoto mkubwa ampakate vizuri, akanyoosha miguu yake yote miwili mpaka ikaziba mlango.

"Kaniseme, shoga. Mwenye mkamwana aliyechoka kama huyu mwelekeze kwangu, nikitoka hapa nakwenda kukaa mlangoni kwake. Ila sauti ipunguze. Unamwamsha mama."